Nilivyokataa Kusema "Basi" Mbele ya Mama Mukwe

Leo nimejiharibia jina. Tena muchana kweupe, shati mukononi, mbele ya muntu ambaye hata kivuli changu hakipaswi kumugusa.

Naandika upesi kabla muke wangu hajarudi kutoka sokoni. Ameshasikia. (Kalemie habari inakimbia kuliko gari moshi. Kusema haki, gari moshi letu halikimbii sana.) Lakini yeye amesikia ya watu, na hii njo yangu mimi. Kyungu na Mwamba, rafiki zangu wa shule, kaye hii, daftari langu, nitawatumia kule Ankoro na muntu wa kwanza atakayesafiri. Musome polepole. Musisome kwa sauti.

Munajua kichwa changu. Kinashika upande wa kushoto tu, kama muntu aliyepanga chumba kimoja katika nyumba na hataki kutoka. Kikinishika, mwanga unanichoma, chakula kinarudi, na nyundo moja naisikia kama nyundo kumi. Na kazi yangu ni nyundo. Miaka saba nagonga bati katika atelye moja, karakana ya hapa mujini. (Jina la atelye siandiki. Wananilipa, si vizuri kuwataja.)

Sasa, muzee wa magazini, stoo yetu ya vyombo, amestaafu. Kazi yake ilikuwa kugawa vyombo: koleo, misumeno, turnevisi. Unampa muntu chombo asubuhi, anakurudishia jioni. Kimya kama kanisa siku ya kazi. Nikaenda kwa Papa Lubamba, shefu wetu, nikamuomba aniweke pale kwa sababu ya kichwa.

Akanijibu mbele ya wafanyakazi wengine.

"Kisimba, kichwa yako inajua kalendrie. Kila siku ya kwanza ya kazi inauma."

"Shefu, ni ugonjwa."

(Niseme haki. Mara mbili, labda tatu, kilikuwa kichwa cha lutuku, ile pombe yetu kali. Nimemuambia Mungu. Shefu sijamuambia.)

"Sawa," akasema. "Pale hospitali kuna munganga mupya, iko na chuma ya kupima maumivu. Wende kesho asubuhi, nakupa ruhusa. Kama munganga ananiandikia kama unaumwa, unaingia magazini. Kama anaandika hauumwe, utagonga bati mupaka uzee, na sitaki tena kusikia habari ya kichwa. Umesikia?"

Nilisikia. Watu sita walisikia pia. Siwezi kusema alinionea.

Basi leo asubuhi nikavaa shati langu la Noeli, nikaenda. Ndani yake nilivaa sengleti ambayo ina matundu kama wavu wa ndagala, dagaa wetu, lakini nani angeiona? (Kila muntu. Mutaona.)

Kwenye mulango wa chumba cha munganga alikaa infirmye, yaani muuguzi, Papa Mulimbi, na orodha yake. Akanieleza vizuri. Munganga anafanya uchunguzi juu ya ule ugonjwa wa kichwa cha upande mumoja, wao wanauita migreni. Anataka kujua kama watu wenye kichwa hicho mwili wao unasikia uchungu haraka kuliko watu wengine, hata siku ambayo kichwa kimetulia. Kwa hiyo anapima wagonjwa, halafu anapima wazima, halafu analinganisha.

Nikamuuliza, "Na karatasi ya shefu wangu?"

"Chuma haitoe karatasi, Kisimba. Chuma inatoa namba."

Nikaona ni mamoja. (Si mamoja.)

"Munapima wawili wawili," akaendelea. "Mumoja anabonyezwa, mwingine anapumuzika, halafu munabadilishana. Mwenzako ni muzima, iko ndani tayari. Ingia."

Nikaingia. Ndani, juu ya kiti kimoja kilichokuwepo, amekaa mama mukwe wangu.

Ninyi wawili munajua bukwe ni nini, lakini naandika ili hata mutoto wangu akisoma kesho aelewe. Muntu na mama mukwe wake hawakai chumba kimoja kama wanaweza kuepuka. Hawaangaliani usoni. Hawatajani majina. Akiwa na neno kwako, anamuambia muntu mwingine, hata kama muko wote watatu pale pale. Kumuvulia shati ni matusi. Kumugusa, hata kwa ncha ya kidole, ni kuku wa kulipa, na kuku mwenyewe mweupe. Miaka sita nimeoa, sijajua rangi ya macho yake.

Alikuja kuletea jirani yake chakula wodini. Papa Mulimbi akamukuta kwenye baraza, akamuuliza kama anaumwa kichwa, akasema hapana, akaambiwa atapewa kipande cha sabuni akikubali kupimwa. Akakubali. Sabuni ni sabuni.

Aliponiona akajifunika kitenge mupaka kwenye pua, akageukia ukuta wa dirisha. Nami nikageukia ukuta wa kabati. Munganga, kijana wa Kinshasa mwenye Kiswahili cha shule, akasimama katikati yetu na chuma chake.

"Mbona wanaangalia ukuta?"

"Ni bukwe, Dokotere," Papa Mulimbi akamujibu. "Huyu Mama alizaa muke wa huyu bwana. Ingefaa tufunge rido, ile pazia yetu, katikati."

"Rido iko wapi?"

"Imefuliwa, iko kwenye kamba. Na jua leo halina nguvu."

Munganga akanigeukia, kwa adabu sana, kwa lile neno la Kifaransa la mwananchi. "Sitwayeni Kisimba, tunaweza kungoja rido ikauke. Au unarudi kesho. Unataka nini?"

Hapa munisikilize vizuri. Niliulizwa. Muntu hakunisukuma. Ila kesho ningekuwa sina ruhusa ya shefu, na kazi ya magazini inatamaniwa na watu wengi. Nikajibu mwenyewe, kwa mudomo wangu: "Hakuna neno. Tuendelee."

Munganga akatuonyesha chuma. Ni kama bomba la sindano nene. Mbele ina kidole cha mupira, nyuma ina saa yenye mushale, na namba toka sifuri mupaka kumi. Anakibonyeza polepole kwenye mwili, mushale unapanda.

"Mukisikia kubonyezwa tu, munyamaze," akasema. "Pale pale kubonyezwa kunapogeuka maumivu, museme 'basi'. Ninatafuta mwanzo wa maumivu. Sitafuti mwisho. Huu si muchezo wa kuvumilia. Tumeelewana?"

Aliyasema mara tatu. Mara ya tatu alinishika bega. Siwezi kudai sikuelezwa.

Wakaanza na mama mukwe. Wote tulikuwa tumegeuka, lakini masikio hayageuki.

Chuma kwenye panja. Kimya kidogo. "Basi."

Kwenye bega. "Basi."

Kwenye panja la pili. "Basi."

Aliyasema kama muntu anayemuzuia muuza mafuta asijaze chupa kupita kipimo. Hakuna haya, hakuna kelele. Munganga akafurahi: "Mama, wewe unapima vizuri kuliko mimi."

Halafu zamu yangu.

Kiti kilikuwa cha mama mukwe, kwa heshima, kwa hiyo mimi nilipewa tabure, kigoda cha munganga mwenyewe. Ni ya chuma, na chini ina magurudumu madogo, ili munganga asogee toka mugonjwa huyu mupaka yule bila kusimama. Sakafu ni sementi iliyosuguliwa inang'aa. Niliona magurudumu. Sikufikiri kitu.

Chuma kikaja kwenye panja la kuume. Munganga akashika kichwa changu upande wa pili kwa mukono wa kushoto, akaanza kubonyeza. Moja. Mbili. Kwenye mbili kikaanza kuuma. Uchungu kabisa, hakuna shaka. Nikafungua mudomo niseme "basi".

Nikasikia mama mukwe amekohoa.

Kikohozi kidogo tu. Labda ni vumbi, sitaki kumusingizia. Lakini kwenye kikohozi kile nilisikia mambo mengi. Mwaka jana alikuwa anajenga jiko lake, wakwe wote wakabeba udongo, mimi nikatuma salamu kwamba naumwa kichwa. Alijibu kupitia muke wangu: "Mumwambie, kichwa njo kinabebaka udongo, ao mikono?" Sasa niko hapa, yeye amebonyezwa na chuma kile kile, akatulia kama jiwe. Mimi nilie kwenye mbili?

Njo hapo ujinga ulipoingia. Kwa shefu nilihitaji kuwa mugonjwa. Kwa mama mukwe nilihitaji kuwa mwanaume. Na mudomo ni mumoja.

Nikaufunga.

"Bado?" munganga akauliza.

"Bado."

Nne. Tano.

"Bado?"

"Hata sijaanza kusikia."

(Uwongo. Nilikuwa nasikia mupaka kwenye meno.)

Saba. Jicho la kuume likatoa machozi. La kushoto hapana, sijui kwa nini. Nikasema ni moshi. Moshi haukuwepo. Mushale ukagonga kumi, munganga akatoa chuma, akakiangalia kama muntu anayeangalia saa iliyosimama.

"Papa Mulimbi! Njoo uone. Kumi!"

"Kumi?"

"Kumi! Toka nianze kazi hii sijaona!"

Nami nikasikia furaha, munisamehe. Nikanyosha kifua. Ukutani pale kwenye dirisha, kitenge kikatikisika kidogo, nikajiambia mama mukwe ameshangaa. Leo jioni atasimulia.

(Amesimulia.)

"Sasa bega. Vua shati, sitwayeni."

Nikakumbuka sengleti. Nikaomba nifungue kifungo kimoja tu. Munganga akasema mupira lazima uguse ngozi. Papa Mulimbi akaniambia kwa sikio, "Vua tu, Mama haangalie." Na kweli hakuangalia. Yeye alishika bukwe kuliko mimi, toka mwanzo mupaka mwisho. Nikavua, nikakunja shati, nikalishika mukononi.

Bega likaenda mupaka tisa. Muguu wangu ukarusha teke wenyewe. Nikasema ni mazoezi.

Kikabaki kituo kimoja: panja la kushoto. Kile chumba ambacho mupangaji hataki kutoka.

Munganga akamutuma Papa Mulimbi akaangalie kama rido imekauka, maana nje kulikuwa watu wengine wanangoja. Kwa hiyo akabaki peke yake, chuma mukono wa kuume, kaye ya namba mukono wa kushoto. Mukono wa kushika kichwa changu upande wa pili haukuwepo tena. Naye hakukosea: muntu ambaye panja lake linakwenda mupaka kumi bila neno, wa kumushikilia nini?

Akabonyeza. Moja.

Rafiki zangu, kwenye moja niliona nyota. Kijani.

"Bado?"

Nikatikisa kichwa kwamba bado. Lakini mwili, ambao hauna mama mukwe, ukaanza kukimbia. Mugongo ukainama upande wa pili. Magurudumu yakasema *krii*. Tabure ikasogea kidogo.

Munganga akasogea nayo. Kazi yake ni kubonyeza polepole bila kukatiza, na kijana yule ni muntu wa kazi.

"Bado?"

"Ba… bado."

*Krii.* Mbili. Nikasogea tena. Akanifuata. Macho yake yako kwenye mushale, macho yangu nimeyafumba. Hakuna aliyekuwa anaangalia njia. Tukavuka chumba hivyo, kama mashua na muvutaji wake, mimi nasema bado, tabure inasema krii, na kila mara ningesema neno moja dogo tu yote yangeisha. Neno moja! Nililijua! Mama alilisema mara tatu mbele yangu!

Tatu. Hapo miguu ikasukuma yenyewe kwa nguvu zake zote.

Tabure ikaruka. Ikagonga kitu. Ikatoka chini yangu, ikaenda zake mupaka kabati.

Na mimi nikakaa.

Nilikaa pahali palaini. Pana kitenge. Pananuka samaki wa kukausha na mafuta ya mawese. Ilinichukua muda kama wa kuvuta pumzi kujua kwamba nimekaa juu ya mapaja ya mama mukwe wangu, na sengleti ya matundu, na shati nimelikumbatia kama mutoto.

Njo hapo mudomo ulifunguka.

"BASI! BASI! BASI! BASI!"

Wanasema nilisikika mupaka kwenye wodi ya wazazi. Mulango ukafunguka. Papa Mulimbi akasimama na rido mukononi, imekauka. Nyuma yake baraza lote: wagonjwa, wauguza wagonjwa, mama mumoja na sufuria ya ugali. Wakaniona. Nikawaona.

Mama mukwe hakupiga kelele. Halafu, mara ya kwanza kwa miaka sita, alinitaja jina.

"Kisimba," akasema. "Toka."

Nikatoka.

Hapo Papa Mulimbi akafunga rido katikati ya chumba. (Asante, Papa.) Munganga alikuwa bado ameshika chuma hewani.

"Sitwayeni, ile 'basi' ilikuwa ya maumivu, ao ya Mama?"

Nilitaka kusema ya maumivu. Lakini nimedanganya vya kutosha asubuhi moja. Nikamwambia kwa sauti ya chini, kwa sababu rido ni nguo tu, kwamba kwenye panja la kwanza uchungu ulianza kwenye mbili, kwenye hili la kushoto ulianza kwenye moja, na namba nyingine zote ni za aibu.

Akavuta pumzi. Akachora mustari murefu juu ya jina langu katika kaye yake. Hakukasirika, na hiyo iliniuma zaidi.

"Siwezi kuandika mbili ambayo sikuipima," akasema. "Na kumi ambayo nimeipima si kweli. Umetoka kwenye uchunguzi."

"Na karatasi ya shefu?"

"Karatasi ya nini?"

Nikamueleza yote: nyundo, magazini, maneno ya shefu mbele ya watu sita. Nikaona bati mbele yangu mupaka uzee. Munganga akakuna kidevu. Akasema hata ningesema vizuri, chuma peke yake hakimuambii muntu kama ana migreni. Hiyo inajulikana kwa kuuliza, na kuuliza ni kazi ya daktari, si ya chuma. Lakini sasa, akasema, muntu aliyemudanganya asubuhi yote, atamuuliza nini na ataamini nini?

Hakuwa na kosa.

Ndipo nyuma ya rido sauti ikasema, taratibu, kama bukwe inavyotaka, kupitia muntu wa tatu:

"Papa Mulimbi. Umuambie Munganga. Huyu muntu nilikuwa nasema ni muvivu. Kila mara muke wake anakuja kwangu anasema, bwana amelala gizani, amefunga dirisha, anatapika, hataki hata sauti ya watoto. Nilikuwa nasema ni uongo wa mwanamuke anayeficha bwana wake. Sasa nimeona. Muntu anayekaa juu ya mukwe wake, huyu kichwa kinamuuma kweli. Muzima hawezi."

"Mama anasema…" Papa Mulimbi akaanza.

"Nimesikia," munganga akasema, na akageukia kabati. Mabega yalikuwa yanatetemeka. Siwezi kumukatalia kicheko.

Halafu akakaa, akaniuliza maswali karibu saa nzima. Upande gani. Muda gani. Mwanga. Kutapika. Nilijibu yote bila kuongeza kitu. Aliponiuliza juu ya pombe, nikamuambia hata zile siku tatu za lutuku. (Rido ilikohoa.) Mwisho akaandika karatasi: huyu ana migreni, kelele za nyundo hazimufai. Akapiga muhuri.

Mama mukwe akatangulia kutoka, na sabuni yake. Kwenye mulango akasimama, akasema kwa ukuta: "Papa Mulimbi, umukumbushe. Awe mweupe kabisa. Asiwe na doa."

Kuku, maana yake.

Nilifika atelye saa ya chakula. Papa Lubamba akasoma karatasi mara mbili. Kila alipofika katikati, mudomo wake ulipinda.

"Karatasi ni nzuri," akasema. "Lakini wewe umechelewa. Habari imefika mbele yako, na imeingia bila kubisha."

"Shefu, naomba…"

"Nilisema nitakuweka magazini, nakuweka magazini. Anza kesho." Halafu, alipokuwa anaondoka: "Ila Kisimba, kama munganga alikuwa anakubonyeza na ulikuwa unaumwa, mbona haukusema?"

Wale watu sita walikuwepo tena. Wakangoja jibu. Mumoja akaacha hata kutafuna.

Nikawauliza ufunguo wa magazini uko wapi.

Kaka yangu amekwenda kupeleka kuku. Ni mweupe, nimemuosha na sabuni mimi mwenyewe, amekasirika sana. Nasikia muke wangu nje, anaongea na jirani, na jirani anacheka kabla sentensi haijaisha.

Nimesoma tena yote haya toka juu, natafuta hata muntu mumoja wa kulaumu asiyekuwa mimi. Hayuko. Basi mucheke, lakini muchekee huko huko Ankoro.